Nyumba ya kwanza Kisumu: vifaa vya jikoni vya kulipia na vya kuacha

Binti wa dada yangu alipata chumba Migosi, na siku ya pili tu akanipigia simu. "Mama mdogo, nimeona seti supamaketi. Vipande kumi na viwili, visu, miiko, kila kitu, kwa 3,500. Nichukue?" Nikamwambia hizo pesa azifunge kwenye leso mpaka Jumapili, tutakwenda soko la Kibuye pamoja.

Kabla hatujatoka nilimuuliza swali moja: wiki nzima unapika nini? Akahesabu. Ugali karibu kila jioni. Sukuma wiki, na managu au saga zikipatikana. Omena, yaani dagaa. Samaki ngege mwisho wa mwezi. Chapati Jumapili, na chai asubuhi na jioni. Kisha tukaitazama ile seti kwenye picha aliyopiga. Kisu cha mkate chenye meno, uma mrefu wa kugeuzia nyama, kijiko chenye vidole cha kutegea tambi, kisu kifupi cha kumenya, na mwiko wa plastiki ambao ugali wa watu wawili tu ungeukunja. Kati ya vipande 12, vitatu ndivyo vingeshikwa kila siku, na hivyo vitatu ndivyo vilivyotengenezwa kwa unyonge zaidi.

Kwa hiyo hapa sitalinganisha seti na seti. Nitalinganisha kifaa kwa kifaa, kwa mapishi ya huku kwetu kando ya ziwa, kwa mtu anayepikia meko ya gesi ya kilo 6 na jiko la makaa likiwa akiba.

Kisu

Kibuye utakuta visu vya namna tatu. Kuna kile chembamba cha chuma kisichoshika kutu, chenye mpini wa mbao au plastiki, ambacho ukikibonyeza ncha kinapinda kidogo na kurudi. Kuna cha fundi wa jua kali, kilichofuliwa kutoka springi ya gari. Na kuna kile kizito cha kutoka nje, kinakaa ndani ya boksi na bei yake inakufanya ukirudishe taratibu.

Kwa sukuma wiki, chembamba kinashinda vyote, na sababu ni namna tunavyokata. Sisi hatulazi majani kwenye ubao. Tunayakunja pamoja, tunayabana kwa mkono wa kushoto, kisha tunayaparuza hewani mpaka yatoke kama nyuzi. Kisu chenye mgongo mnene kinaingia kama kabari: kinayasukuma majani na kuyaponda, maji yanatoka kabla hayajafika kwenye mafuta. Chembamba kinapita tu. Nililipa shilingi 150 kwa cha kwangu na kimenitumikia miaka sita, kwa sababu nakinoa.

Cha fundi kina sifa nyingine. Chuma cha springi kina kaboni ya kutosha, kwa hiyo kinapokea makali vizuri na hakipindi. Kichwa cha samaki mbuta, maungo ya kuku wa kienyeji, malenge lenye ganda gumu, hizo ndizo kazi zake. Lakini kinashika kutu ukikiacha na maji usiku mmoja, na ndimu au nyanya vitakigeuza cheusi. Weusi huo si uchafu wala hauna madhara. Kinachotakiwa kuondolewa ni kutu nyekundu. Chuma kisichoshika kutu nacho kimepata jina hilo kwa sababu kimechanganywa na kromiamu, angalau asilimia 10.5, na hata hicho kitapata madoa ukikilaza kwenye maji ya chumvi.

Ukiwa na pesa ya kimoja tu, chukua chembamba. Mbuta mkubwa atakatwa na aliyekuuzia, palepale sokoni au ufukweni Dunga, bila malipo ya ziada mara nyingi. Hakuna atakayekukatia sukuma jioni mvua ikinyesha. Najua mama mboga hukata, ila iliyokatwa asubuhi ikiliwa usiku imeshachoka.

Tazama mpini kabla ya bei. Ule wenye ribiti mbili au tatu zinazoonekana pande zote utadumu. Ule uliogandishwa kwa gundi utaanza kucheza ndani ya miezi. Mzee aliyetuuzia alimkabidhi binti visu viwili, akamwambia, "Nyathina (mwanangu), funga macho, sema kipi kinataka kukuteleza." Nimeuza ushauri huo kwa watu wengi tangu siku hiyo.

Kuhusu kunoa nitasema kwa kirefu, maana kisu butu ndicho kinachokata vidole. Jiwe la kunolea lenye pande mbili, moja la chembe kubwa na moja la chembe laini, lina thamani kuliko kisu cha pili. Lilowe maji, uinamishe kisu nyuzi 15 hadi 20 hivi, uvute ule upande mzima wa makali kwa mwendo mmoja, idadi sawa kushoto na kulia. Usipokuwa na jiwe, pindua kikombe cha udongo: ile duara ya chini isiyong'arishwa inanoa vizuri kabisa. Ngazi ya saruji, ambayo nyumba nyingi zinaitumia, inang'oa chuma vipande vipande na kuacha makali yenye meno. Na yule mnoaji anayepita na baiskeli ni msaada, ila msimamie. Cheche zikiruka kwa muda mrefu bila kisu kuchovywa majini, makali yanapata rangi ya samawati. Ukiona rangi hiyo, chuma kimepoteza ugumu wake mahali hapo, na kisu kitakuwa butu kila baada ya siku mbili. Mwambie, "Fundi, chovya kwanza."

Sufuria

Hapa ndipo pesa nyingi ya binti ilikwenda, na hapa ndipo nilipobishana na wauzaji zaidi.

Kwa ugali, aluminiamu nene ndiyo mshindi wangu, bila kusita. Aluminiamu hupitisha joto zaidi ya mara 10 kuliko stenlesi, kile chuma kisichoshika kutu. Moto wa meko unatoka kwenye duara dogo, na sufuria ya aluminiamu inausambaza mpaka pembeni. Stenlesi nyembamba inaacha joto lilale palepale lilipogusa, ndiyo maana ugali unaungua kama pete huku pembeni bado ni uji. Lakini nimesema nene. Ile nyembamba inayobonyea ukiibana kwa kidole gumba itapata tumbo chini baada ya wiki chache za kusonga, na sufuria yenye tumbo inazunguka juu ya meko wakati wewe umeshika mwiko kwa nguvu zako zote. Nimeona ugali wa watu wanane ukianguka sakafuni kwa sababu hiyo. Ipime kwa mkono, ibane mdomo, iweke juu ya meza tambarare uone kama inatulia.

Stenlesi ni nzuri kwa kazi nyingine ikiwa ina kitako kinene, kile chenye tabaka la aluminiamu lililofunikwa katikati. Inafaa maharagwe, mchuzi wa nyanya, maziwa, na hasa mboga zetu za kienyeji. Mkononi ina uzito chini na wepesi juu. Nilibeba sumaku ndogo niliyoitoa kwenye spika ya redio iliyokufa. Stenlesi yenye nikeli nyingi, ambayo ndiyo inayostahimili zaidi kutu, kwa kawaida haivutwi na sumaku, au inavutwa kwa unyonge. Inayonata kwa nguvu kwenye ubavu ni ile isiyo na nikeli. Si kwamba haifai, ila isiuzwe kwa bei ya ile nyingine. Usijaribu sumaku kwenye kitako, kwani baadhi ya vitako huwekewa chuma kinachovutwa makusudi. Wala usiitumie kuchagua kisu: visu vyema vya stenlesi vingi huvutwa na sumaku, na havina kosa.

Sasa mboga za kienyeji. Wengi wetu huku magharibi tunachemsha mrenda, kunde au saga kwa magadi, au kwa ile chumvi ya majivu ambayo ndugu zetu Waluhya huiita munyu. Magadi na majivu ni alkali, na alkali hula aluminiamu sawa na vile asidi ya nyanya na ndimu inavyoila. Ndiyo maana sufuria inageuka nyeusi ndani, na ukiisugua inang'aa kupita siku uliyoinunua: tabaka lake la juu limekwenda kwenye mboga. Kwa hiyo osuga, yaani managu, inayopikwa na maziwa na kulala jikoni siku mbili tatu haina kazi kwenye aluminiamu. Ipike kwenye stenlesi, au kwenye chungu.

Chungu kinastahili kusemewa, kwa sababu vijana wanakichukulia kama pambo la hoteli. Ukitoka Kisumu kwenda Kakamega utaviona vimepangwa kando ya barabara pale Ilesi, kazi ya wafinyanzi wa hapo, na bei yake haifiki robo ya stenlesi nzuri. Udongo haupakwi rangi ya kung'aa, haugombani na magadi wala nyanya, na unashika joto hata baada ya moto kuzimwa, jambo zuri kwa maharagwe. Kasoro yake ni mishtuko. Ukikiweka kitupu juu ya moto wa gesi, au ukikimwagia maji baridi kikiwa cha moto, kitapasuka. Kiloweke usiku kucha, kisha kichemshie uji mwepesi wa unga mara ya kwanza ili vinyweleo vyake vizibe. Baada ya hapo kipikie makaa, moto wa polepole. Kwa mtu mwenye meko peke yake, stenlesi. Kwa mwenye jiko la makaa, chungu kwanza.

Ipo sufuria ya nne ambayo nilimkataza binti, na nilisikitika kuikataza kwa sababu inatengenezwa na mafundi wetu wenyewe: ile nzito ya kijivu inayomiminwa kwenye kalibu ya mchanga kutokana na vyuma chakavu. Inakaa vizuri juu ya moto, haipindi kamwe, bei yake inavutia. Shida ni chakavu chenyewe. Ndani yake huingia vipande vya injini, rejeta, makopo, chochote kilichoyeyuka, na baadhi ya vitu hivyo vina risasi, ile metali yenye sumu (lead). Sufuria za namna hiyo zilizopimwa Kamerun, matokeo yakachapishwa 2014, zilionekana kutoa risasi kwenye kimiminika chenye uchachu. Risasi huharibu ubongo wa mtoto bila dalili ya kuonekana kwa macho. Binti bado hana mtoto, lakini sufuria ya namna ile hudumu miaka 20. Kama tayari unayo, itenge kwa maji ya kuoga.

Jua kali napenda waungwe mkono kwa mambo mengine: kisu cha springi, jiko lenyewe, karai, kikaango cha chapati cha bati nene la chuma. Hicho kikaango nakiweka juu ya kile cheusi kisichogandisha, tena kwa mbali. Lile tabaka la kutogandisha huanza kuharibika na kutoa moshi mbaya likipita nyuzi joto 260 hivi, na kikaango kitupu juu ya makaa yaliyokolea kinafika huko kabla hujamaliza kusukuma chapati ya pili. Cha chuma kipake mafuta, kichome mpaka kiwe cheusi, rudia mara tatu. Chapati ya nne haitaganda.

Kwa ndugu zangu wa Nakuru nina neno moja. Ninyi mko juu, mita 1,850 hivi, nasi huku mita 1,130 hivi. Maji yenu yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, yetu kwenye 96. Maharagwe yanahisi tofauti hiyo: kwenu yanachelewa kuiva. Dada yangu aliyehamia Free Area, huko Nakuru, aliilaumu mbegu ya maharagwe mwaka mzima. Huko, kabla ya sufuria ya pili, nunua ile ya presha yenye mpira mzuri kwenye mfuniko, na uangalie kama mpira wa akiba unapatikana dukani.

Mwiko

Wa mbao, basi. Wa nailoni unaweza kulainika na kuyeyuka ukiulaza kwenye mdomo wa sufuria yenye moto, na ugali wa wimbi na muhogo, ambao ni mzito na unanata kuliko wa mahindi, utaukunja. Kijiko cha chuma kinakwangua aluminiamu na kuunguza kiganja.

Ila si kila mbao. Nusa. Mti wenye harufu ya utomvu, kama msonobari, utaiweka harufu hiyo kwenye ugali. Ukucha ukiingia kirahisi, mti ni laini, utachanika ncha na nyuzi zake utazila. Tafuta mzito, usiopakwa vanishi, wenye nyuzi zinazokwenda moja kwa moja kutoka mpini hadi ncha. Mahali nyuzi zinapokatiza, ndipo utakapovunjika. Mdomo wa mwiko wa ugali uwe mpana na bapa, upande mmoja umenyooka ili upanguse ubavu wa sufuria. Urefu wake upite mdomo wa sufuria kwa shubiri moja na nusu. Nunua miwili, shilingi 100 kila mmoja ndiyo bei tuliyopatana, mmoja wa ugali na mmoja wa vitunguu na samaki. Ugali wenye harufu ya omena ya jana hauna mlaji.

Ubao, na mambo ya samaki

Ubao wa mbao hauchoshi kisu, na mikwaruzo midogo hujifunga kiasi unapokauka. Wa plastiki unaoshwa kwa maji ya moto bila kupinda, ila ukishajaa mifereji ya kisu, sabuni haifiki ndani, na siku hiyo uutupe. Wa kioo usiununue kabisa: kila mkato juu yake ni mkato dhidi ya makali. Mimi nina wa mbao kwa mboga na wa plastiki mdogo kwa samaki na kuku. Wa mbao hausimamishwi ndani ya beseni la maji. Unaoshwa, unapanguswa, unasimamishwa wima upate hewa pande zote mbili, la sivyo utapinda kama ganda la ndizi.

Ngege ana magamba na ana miiba mgongoni. Kwa magamba, mgongo wa kisu unatosha, ila kifaa kinachotumika na wanawake wa ufukweni ni bora zaidi: kipande cha mti kilichopigiliwa vifuniko vya soda, meno yakitazama nje. Kinaparua kwa upana, hakichani ngozi, na ukiwa na vifuniko vitatu na misumari unakitengeneza nyumbani. Parua kutoka mkiani kwenda kichwani, samaki akiwa ndani ya beseni la maji, magamba hayatapanda ukutani. Kwa miiba, mkasi mzuri wa jikoni ni bora kuliko kisu chochote. Mkasi huohuo utakata bamia, utafungua pakiti za maziwa, utanyoa majani ya dania. Chagua unaofunguka vipande viwili kwa kuoshwa.

Omena inataka chujio la waya la mdomo mpana. La plastiki lina matundu makubwa, nusu ya gorogoro, ule mkebe wa kupimia, itakwenda na maji, na halivumilii maji ya moto.

Kinu kidogo, greta, au jiwe la Tabaka

Kwa kitunguu saumu na tangawizi ya chai, kinu kidogo cha mbao na mchi wake kinatosha, na kinatoa harufu ambayo greta haitoi, kwa sababu kinaponda badala ya kukata. Greta ni ya karoti na kabichi. Ya bati iliyotobolewa kwa msumari inashika kutu ndani ya mwezi. Lipia ya stenlesi. Ile mitungi mizuri ya mawe ya Kisii kutoka Tabaka ilimvutia binti sana, akataka moja iwe kinu. Jiwe lile ni laini, kisu kinalichora, na ndiyo maana wachongaji wanaliweza. Ukilitwanga, unga wa jiwe unaingia kwenye chakula. Liwe la chumvi na la sukari mezani, hapo ni zuri mno.

Alichobeba

Tulitoka Kibuye saa nane mchana na kisu chembamba, sufuria nene ya aluminiamu ya ugali, ndogo ya stenlesi yenye kitako, miiko miwili, ubao wa mbao, chujio la waya na jiwe la kunolea. Zilibaki shilingi 390. Mkasi na kikaango cha chapati vikaachwa vya mwezi ujao, na chungu nitamletea mwenyewe nikipita Ilesi.

Jioni aliniandikia kwamba ugali umetoka bila kuungua, ila hana cha kushikia sufuria, kwa kuwa hazina masikio. Nilikuwa nimesahau. Kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara nne, nikamjibu, kikiwa kikavu: kikilowa kinapitisha joto hadi mkononi.